Granada kwa Makasri na Tapas: Mwongozo Kamili wa Safari

Safari ya Granada hupangwa kwa kuanzia mwisho. Kwingine unakata tiketi ya ndege, unatafuta chumba, na ukishafika ndipo unauliza pa kwenda. Granada unaanza na saa moja tu: saa ya kuingia Makasri ya Wanasri ndani ya ngome ya Alhambra. Ukishaipata, ndege, chumba, chakula na hata usingizi utavipanga kuizunguka. Ukiikosa, utapanda kilima, utazitazama kuta nyekundu kwa nje, utashuka. Nafasi za kila awamu zina kikomo na wageni ni wengi mno, ndiyo maana wapo wanaovuka mabara wakaishia getini.

Mji uko Andalusia, kusini mwa Uhispania, chini ya milima ya Sierra Nevada ambako kilele cha Mulhacén kinafika mita 3,479. Ukoo wa Banu Nasri, ndio hao Wanasri, uliutawala tangu 1238, Muhammad wa Kwanza ibn al-Ahmar alipoingia na kuanza kujenga juu ya kilima, hadi tarehe 2 Januari 1492, sultani wa mwisho, Muhammad wa Kumi na Mbili ambaye Wahispania humwita Boabdil, alipoukabidhi kwa Malkia Isabel na Mfalme Fernando. Sisi wa pwani tuna shahidi wetu hapa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada karibu na 1350. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa wakati huo, hawakuonana, ila mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Kwa maneno mengine, karne ile ile ambayo Kilwa ilikuwa na kasri lake la Husuni Kubwa, mafundi wa Granada walikuwa wakichonga kuta unazokwenda kuziona.

Na hizo kuta zinasomeka. Aliyekaa chuoni akajifunza alifu na bee anaingia Alhambra na ufunguo ambao wageni wengi hawana.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Aprili na Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua huwa kali, nyuzi 35 na zaidi si ajabu, na Alhambra ni ya kutembea kwa miguu saa nyingi. Desemba hadi Februari watu hupungua na milima huwa myeupe kwa theluji, mandhari ambayo kwa macho yangu ndiyo nzuri kuliko zote, lakini usiku hukaribia kuganda. Sweta la Nairobi halitoshi, beba koti zito.

Wiki ya Pasaka mji hujaa maandamano ya kidini na vyumba hupanda bei. Tarehe 3 Mei ni sikukuu ya misalaba, viwanja na nyua hupambwa kwa maua: siku ya furaha, na pia siku ya msongamano.

Hatua ya 2: Viza kwanza, kisha tiketi ya Alhambra

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hata kama anaishi Uingereza au nchi za Ghuba. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haihitaji. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usingoje huko mwisho: jibu huchukua siku 15 mambo yakienda vizuri, na linaweza kufika siku 45. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya hapo hawalipi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Andaa taarifa za benki, barua ya kazi au nyaraka za biashara, mahali pa kulala na ratiba ya siku kwa siku. Uhispania ina ubalozi Nairobi, Dar es Salaam na Kinshasa. Ukizuru nchi zaidi ya moja, unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi.

Sasa kuna fumbo. Tiketi ya Alhambra huisha mapema, lakini usitegemee kurudishiwa pesa ukinyimwa viza. Ushauri wangu ni huu: wahi maombi ya viza, miezi minne au mitano kabla, kwa makazi yanayoweza kufutwa bila malipo. Siku pasipoti inaporudi mkononi na viza ndani yake, siku hiyo hiyo nunua tiketi ya Alhambra. Ndege ifuate. Hoteli thibitisha mwisho.

Nunua kwenye tovuti rasmi ya Patronato de la Alhambra y Generalife, taasisi inayosimamia eneo lote. Wako wauzaji wengi wanaofanana nayo na wanaotoza zaidi, kwa hiyo hakikisha anwani ina maneno alhambra-patronato.es. Tiketi ya kawaida, iitwayo Alhambra General, ni takriban euro 20, na inakupa Makasri ya Wanasri, ngome ya Alcazaba na bustani za Generalife. Soma vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu ipo tiketi nyingine ya bei ndogo ya bustani, Generalife na Alcazaba tu, ambayo haikuingizi kwenye makasri. Watu huinunua wakidhani ni punguzo.

Jina na namba ya pasipoti viandikwe bila kosa, maana pasipoti yenyewe hukaguliwa mlangoni. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi, lakini nao lazima wawe na tiketi yao. Saa inayoandikwa kwenye tiketi ni ya kuingia makasri hayo, wala si ya kufika getini. Ukichelewa huingizwi, na hakuna wa kumlilia.

Tiketi za kawaida zikiwa zimeisha, fuata njia tatu. Fungua tovuti kila asubuhi, kwani nafasi hurudi. Tazama Dobla de Oro, tiketi inayounganisha Alhambra na majumba ya kale ya mtaa wa Albaicín. Mara nyingine huwa ipo wakati ile ya kawaida imekwisha, na kwa anayependa makasri ni bora hata zaidi. Ya tatu ni ziara ya usiku ya Makasri ya Wanasri. Huoni bustani, lakini taa za chini huichomoza nakshi kuliko jua la mchana.

Hatua ya 3: Kufika na pa kulala

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Unapitia Addis Ababa, Doha, Istanbul au Dubai hadi Madrid. Kutoka Madrid treni ya kasi, inayofika Granada tangu Juni 2019, huchukua saa tatu na nusu hivi. Ukipata ndege ya kukufikisha Málaga, afadhali zaidi: kutoka hapo basi la kampuni ya ALSA linakufikisha Granada kwa saa mbili au pungufu. Granada ina uwanja wake mdogo wa ndege, wenye safari chache.

Kulala, mitaa ni mitatu ya kufikiria. Katikati ya mji, karibu na Plaza Nueva, ni rahisi kwa kila kitu. Realejo, uliokuwa mtaa wa Wayahudi, ni mtulivu na una baa nzuri. Albaicín ndio mtaa mzuri kuliko yote, nyumba nyeupe na vichochoro vinavyomkumbusha mtu Mji Mkongwe, lakini ni mlima wa mawe ya mviringo, na sanduku la magurudumu litakutoa jasho. Ukija na wazazi au watoto wadogo, lala chini, panda Albaicín kwa basi dogo namba C31.

Kaa usiku tatu. Mbili zinatosha kwa shida. Kuja asubuhi kutoka Málaga na kurudi jioni ni kuuona mji kwa dirisha la basi.

Hatua ya 4: Siku ya Alhambra

Chagua saa ya kwanza kabisa, saa 2:30 asubuhi (kwenye tiketi huandikwa 8:30), au iliyo karibu nayo. Makundi makubwa huwa bado hayajajaa, jua ni jepesi, na ukitoka makasri una siku nzima kwa mengine. Ukikosa asubuhi, chukua alasiri, saa mbili au tatu kabla ya kufunga. Katikati ya mchana ni chaguo la mwisho.

Kupanda una njia tatu. Basi dogo C30 hutoka Plaza Isabel la Católica. Kwa miguu, fuata Cuesta de Gomérez kutoka Plaza Nueva, pita Puerta de las Granadas, uingie msitu wenye maji yanayotiririka pembeni mwa njia. Ni mwendo wa dakika 20 hivi. Au panda Cuesta del Rey Chico kutoka Paseo de los Tristes, kali zaidi na yenye watu wachache. Mwenye tiketi tayari halazimiki kupita lango kuu la juu, bali anaweza kuingilia Puerta de la Justicia, lango la mwaka 1348, lililo karibu zaidi na makasri. Ukiingilia lango la juu, tenga dakika 20 za kutembea hadi kwenye mlango wa makasri. Kunywa maji, pitia msalani kabla, begi kubwa liache hotelini.

Ndani, mwendo ni wa njia moja, na hapa ndipo nakusihi upunguze kasi. Watu wengi hupita wakipiga picha, wanatoka wakiwa na picha mia na hawajaona kitu. Hakuna anayekufukuza ukishaingia. Ukumbi ukijaa kundi, jibanze pembeni, litapita, na utabaki na ukumbi wako kwa dakika mbili tatu.

Unaanza Mexuar, palipokuwa na baraza la mashauri, kisha unatokea kwenye ua mdogo wenye sura ya Kasri la Comares: milango miwili inayofanana, na ukuta mzima wa nakshi juu yake. Mmoja tu ndio unaopeleka ndani. Halafu ghafla unatokea Ua wa Mihadasi, hodhi refu la maji lililotulia na mnara wa Comares ukijitazama ndani yake. Simama upande wa kusini, mbali na mnara, ndipo taswira inapotimia.

Ndani ya mnara huo kuna Ukumbi wa Mabalozi, kiti cha enzi cha Yusuf wa Kwanza, aliyetawala 1333 hadi 1354. Inua kichwa. Dari ni ya vipande vya mbao 8,017 vilivyounganishwa kuwa mbingu saba, nyota juu ya nyota. Chini ya dari, kwenye mbao, imezungushwa Sura ya Al-Mulk, ile tunayoiita Tabaraka, ambayo wengi wetu tumeihifadhi tangu utotoni, na ndani yake imo aya ya mbingu saba tabaka juu ya tabaka. Fundi aliweka maneno na dari pamoja, kimoja kikieleza kingine. Niseme wazi: sijui jengo jingine ambalo aya na mbao vimefunganishwa namna hii mbele ya macho ya mtu.

Kwenye kila ukuta utaona maneno yanayojirudia mara zisizohesabika: wa la ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo kaulimbiu ya Wanasri. Tafuta mikono miwili ya maandishi, ya Kikufi yenye pembe kali na ya mviringo iliyolainika, na baada ya chumba cha tatu jicho lako litaanza kuidaka kaulimbiu hata pale ilipojificha kati ya majani ya nakshi. Pamoja nayo kuna mashairi. Makasri haya ni diwani iliyoandikwa ukutani, na watunzi wake walikuwa mawaziri wa sultani: Ibn al-Jayyab, Ibn al-Khatib, na Ibn Zamrak.

Ibn Zamrak utakutana naye Ua wa Simba, uliojengwa na Muhammad wa Tano, mwana wa Yusuf. Nguzo 124 nyembamba za marumaru, simba 12 wakibeba bakuli la maji, na kwenye ukingo wa bakuli beti 12 za Ibn Zamrak zinazoeleza jinsi maji yanavyotembea, mpaka mtazamaji asijue kipi ni maji na kipi ni marumaru. Maji yenyewe yalifikishwa kilimani kwa mfereji uitwao Acequia Real, uliochota mto Darro kilomita kadhaa juu ya mji na kuyateremsha kwa mteremko wake wa asili, bila pampu. Hii ndiyo akili iliyobeba Alhambra yote. Bila mfereji, kilima kingekuwa mawe makavu.

Kuzunguka ua huo kuna kumbi kadhaa. Ukumbi wa Abencerrajes una kuba la nyota yenye ncha nane. Ukumbi wa Wafalme una picha za watu zilizochorwa juu ya ngozi darini, jambo lisilo la kawaida katika majengo ya Kiislamu. Lakini kaa zaidi Ukumbi wa Dada Wawili: kuba lake la muqarnas, vidaka vidogo vya jasi vinavyoning'inia kama sega la nyuki, lina vipande zaidi ya 5,000. Mtu wa Lamu au Pate aliyezoea zidaka za lipu ukutani atatambua mara moja ni kazi ya ukoo mmoja, ila hapa imepandishwa darini na kuachwa ielee. Endelea hadi kidirisha cha Lindaraja mwisho wa ukumbi, chini kidogo, ambapo sultani alikaa sakafuni. Nawe chuchumaa uone madirisha yalivyopimwa kwa macho ya aliyeketi.

Usiguse ukuta. Jasi ni laini na mikono mingi huila.

Ukitoka, pita bustani za Partal, kisha Alcazaba, sehemu kongwe zaidi ya ngome, ukapande mnara wa Torre de la Vela uone mji wote. Kumbuka Makasri ya Wanasri, Alcazaba na Generalife kila kimoja unaingia mara moja tu, ukitoka huruhusiwi kurudi. Kasri la mfalme Karolo wa Tano, jengo la mraba lenye ua wa duara lililoanza kujengwa 1527 kwa mchoro wa Pedro Machuca, ni bure hata bila tiketi, na ndani yake kuna Jumba la Makumbusho la Alhambra lenye mtungi mkubwa uliochorwa swala, yule mnyama wa porini. Wapo wanaolichukia kasri hili kwa kuwa limepachikwa katikati ya kazi ya Wanasri. Mimi naona ua wake ni mzuri, na pia naona halikustahili kuwekwa hapo.

Generalife iache mwisho. Ni kasri la mapumziko la masultani, ng'ambo ya bonde, lenye mfereji mrefu katikati ya maua. Tafuta Ngazi ya Maji, ambako vikono vya ngazi vimechimbwa viwe vijito. Baada ya saa tano za kutembea, hapo ndipo pa kukaa.

Hatua ya 5: Makasri ya chini ambayo wengi huyaruka

Siku ya pili shuka mjini. Carrera del Darro ni njia nyembamba kando ya mto, na juu yake kuna El Bañuelo, hamamu ya karne ya 11 yenye matundu ya nyota darini ya kuingiza mwanga. Panda Albaicín ufike Dar al-Horra, kasri dogo la karne ya 15 linalohusishwa na Aisha, mama yake Boabdil. Ni vyumba vichache tu, mara nyingi bila foleni, na ukiwa dirishani mwa juu unaelewa familia ya kifalme iliishi vipi pasipo zulia jekundu.

Mirador de San Nicolás ni kiwanja cha kuitazama Alhambra jua likizama. Kinajaa, chunga mifuko. Kando yake upo Msikiti Mkuu wa Granada, uliofunguliwa Julai 2003, wa kwanza kujengwa mjini tangu 1492. Bustani yake ina mandhari ile ile na utulivu zaidi. Fika umejisitiri vizuri, na ukitaka kuswali Magharibi kwa jamaa, utaipata hapo.

Katikati ya mji, Corral del Carbón ni nyumba ya wafanyabiashara ya karne ya 14, mahali wasafiri walipolaza bidhaa chini na wao juu. Katika rasi yote ya Iberia ndiyo pekee iliyobaki nzima. Karibu yake ni Madraza, chuo alichofungua Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, ambacho leo ni cha Chuo Kikuu cha Granada. Chumba chake cha sala kimehifadhiwa. Ng'ambo ya kichochoro ni Capilla Real, kanisa walikozikwa Isabel na Fernando. Nenda huko ukijua yaliyofuata: mkataba wa Novemba 1491 uliwaahidi Waislamu dini na mali zao, Wayahudi wakafukuzwa kwa amri ya Machi 1492, na haikupita miaka kumi ahadi kwa Waislamu nayo ikavunjwa, vitabu vyao vikachomwa uwanja wa Bib-Rambla. Waliobatizwa kwa nguvu, vizazi vyao walifukuzwa nchini kati ya 1609 na 1614. Leo uwanja huo una vibanda vya maua na mikahawa ya churros, na mpita njia hawezi kubuni yaliyotokea.

Nje ya kanisa kuu wanawake watakunyoshea kitawi cha mmea wenye harufu nzuri. Si zawadi, utadaiwa pesa. Kataa kwa upole, usinyooshe mkono.

Hatua ya 6: Tapas, na jinsi ya kuzila bila kujuta

Tapa ni sahani ndogo ya chakula inayoambatana na kinywaji. Katika miji mingi ya Uhispania unaiagiza na kuilipia. Granada unalipia kinywaji tu, na tapa inakuja yenyewe. Kinywaji kimoja huwa kati ya euro 2.50 na 3.50. Agiza cha pili, inakuja sahani nyingine, tofauti na ya kwanza. Vinywaji vitatu ni chakula cha jioni.

Saa zao ni ngeni kwetu. Mchana ni kuanzia saa 7:30 hadi 10:00 alasiri, usiku ni kuanzia saa 2:30 au 3:00. Katikati majiko mengi hufungwa. Mwenye njaa saa 12 jioni asubiri au anunue matunda.

Mwendo wake ni huu. Ingia, sogea kaunta, kwani kukaa nje kwenye meza mara nyingi ni ghali zaidi. Agiza kinywaji, usiulize tapa. Kula, kunywa, labda kimoja zaidi, kisha lipa na uhamie baa ya jirani. Kukaa baa moja usiku kucha si kosa, ila utamu wa kitu hiki uko kwenye kuhama. Hesabu huandikwa na mhudumu, unalipa mwisho kwa kusema la cuenta, por favor. Bakshishi ni sarafu chache, si lazima.

Asiyekunywa pombe hana haja ya kujiona mgeni. Omba mosto, maji ya zabibu yasiyochachishwa, ambayo wenyeji huyanywa kaunta ile ile, au soda, na kwa kawaida tapa huja vilevile. Maji na kahawa mara nyingi haviji na kitu.

Nguruwe ndilo jambo la kuliangalia. Yuko kila mahali, na mara nyingi hatajwi. Kabla sahani haijatoka jikoni, sema: sin cerdo, por favor, yaani bila nguruwe. Wahudumu wamezoea, hawakasiriki. Majina ya kuyajua ni jamón, chorizo, lomo, panceta, tocino, morcilla na manteca. Hata mboga haziko salama: habas con jamón ni maharage makubwa ya kijani yaliyopikwa na nyama hiyo, na salmorejo, supu baridi ya nyanya, hunyunyiziwa vipande vyake juu. Peremende na biskuti za kienyeji kama polvorones kwa desturi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, tena hizo ndizo hununuliwa kwa zawadi. Soma kibandiko. Kuku na ng'ombe wa baa za kawaida hawakuchinjwa Kiislamu, na mafuta ya kukaangia huenda yakawa yale yale. Anayejichunga sana ale Calderería Nueva, mtaa wa nyumba za chai chini ya Albaicín, wenye chai ya nanaa na mikahawa inayoweka alama ya halali.

Kwa wengine, na kwa walaji samaki na mboga, vipo vya kutafuta kwa makusudi. Berenjenas con miel de caña ni biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa, na kama utakula kitu kimoja tu Granada, kiwe hicho. Boquerones ni samaki wadogo wa kukaanga, jamaa wa dagaa wetu. Remojón ni kachumbari ya machungwa, samaki wa chumvi na zeituni, mseto unaoonekana wa ajabu mpaka uuonje. Tortilla del Sacromonte ina ubongo na viungo vya ndani, kwa hiyo uliza kabla.

Mitaa: Calle Navas ina baa nyingi na watalii wengi, inafaa kwa usiku wa kwanza wa kujifunza. Campo del Príncipe kule Realejo ni uwanja wa familia, watoto wakicheza huku wazazi wakila, na ndiko ningeanzia. Plaza Larga juu Albaicín ni kwa mchana baada ya Dar al-Horra. Baa nzuri utaijua kwa wenyeji kusimama mpaka mlangoni. Yenye picha za vyakula mlangoni na mtu wa kukuvuta mkono, pita.

Hatua ya 7: Kuondoka

Usiweke Alhambra siku ya kuondoka, hata kama saa zinaonekana kutosha. Ukirudi kwa ndege ya Málaga, chukua basi linalokufikisha uwanjani saa tatu kabla. Mwenye siku mbili za ziada asirudi njia ile ile: treni humfikisha Córdoba, kwenye msikiti wa karne ya 8 ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza, na baada yake Sevilla, yenye Real Alcázar, kasri ambalo mfalme Mkristo Pedro alilijenga upya katika miaka ya 1360 kwa mafundi waliofanya kazi kwa mtindo wa Granada. Nako tiketi ni ya saa maalumu, inunue kabla ya kupanda treni.